Chupa Sita za Lebo ya Buluu

Boksi lilianza kutoa moshi saa nne kasorobo asubuhi, ukumbi wa vifurushi umejaa hadi mlangoni. Lilikuwa juu ya kaunta, jeupe, limezungushiwa utepe wa gundi pande zote, na moshi wenyewe haukupanda kama moshi wa kawaida. Ulishuka, ukatambaa juu ya kaunta, ukamwagikia miguu ya watu waliopanga foleni. Mama mmoja akanyanyua sketi yake. Mlinzi akarudi nyuma hatua mbili, kisha akakumbuka kazi iliyomweka pale, akasogea mbele hatua moja.

"Hilo haliondoki hapa mpaka wakubwa waje," karani akasema, ilhali kiti chake ameshakisogeza mbali.

Mwenye boksi alikuwa msichana mrefu mwenye gauni la rangi ya udongo lililomkaa barabara kiunoni, kilemba cha manjano kilicholegea kwa hasira, na viatu vya raba ambavyo havikuwa na undugu wowote na gauni lile. Alikuwa akieleza kwa mara ya nne kwamba hiyo ni barafu kavu tu, kwamba ndani mna kichupa kidogo kuliko kidole cha mwisho, na kwamba kila dakika ya ubishi inaharibu kilichomo. Lakini kadiri alivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kurudi nyuma, maana aliyataja maneno "protini" na "kirusi" kwa pumzi moja.

Katika foleni ile alikuwemo kijana mmoja aliyekuja kuchukua bahasha yake ya vyeti, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inakata. Alijipenyeza mbele, akamsalimia mlinzi kwa upole kama mtu anayesalimia wakwe, akamwambia ule si moshi wa moto bali ni hewa ileile tunayoitoa puani, imegandishwa tu ikawa barafu. Akainamisha uso juu ya boksi, akavuta pumzi, akapiga chafya. Baadhi ya watu wakacheka. Akamwomba karani amwache mwenye mali atie sahihi, na yeye mwenyewe atalibeba boksi mpaka nje. Likitokea la kutokea limpate yeye. Karani hakusubiri kuambiwa mara mbili.

Nje, chini ya kivuli cha ukuta, msichana alifunga kilemba upya, akamuuliza kama yeye ni daktari.

"Mimi fundi wa maabara. Napika maji."

"Maji gani hayo?"

"Maji ya kazi. Ya chumvi, ya sukari, ya tindikali. Wenye elimu wanafanya majaribio, sisi tunapima, tunakoroga, tunabandika lebo."

"Na unapikia wapi?"

Alipomtajia taasisi atakayoanza kazi Jumatatu, msichana aliliweka boksi chini ili acheke vizuri. Alikuwa anafanya utafiti wake wa shahada ya udaktari ghorofa ya tatu ya jengo lilelile.

"Basi wewe ndiye mpishi wangu," akasema. "Jiandae. Mimi mlaji mgumu."

Kazini wenzake walimwita msichana yule Nyuzi, kwa sababu hakuwa na mazungumzo mengine ila nyuzi za utafiti wake. Yule kijana walimwita Fundi, kama walivyowaita mafundi wote waliomtangulia. Kabla mwezi haujaisha, kila saa saba mchana watu wawili walionekana kwenye ngazi za nyuma za jengo, kila mmoja na kopo lake la chakula, na anayepita alilazimika kuomba njia.

Ni kwenye ngazi zile Fundi alipofahamishwa kazi ya mpenzi wake. Nyuzi alisema seli moja ya mwili ina nyuzi za RNA maelfu kwa maelfu, kila uzi umebeba maagizo ya kazi yake. Kirusi cha jamii ile ya UKIMWI kikishaingia, nyuzi zake huwa chache tu katika umati ule. Hata hivyo protini yake moja, ile inayojenga ganda la virusi vipya, huingia kati ya umati na kuchagua nyuzi za kirusi chake, mbili mbili, ikazifungasha ndani ya ganda. Za wenyeji huziacha. Inakosea mara chache mno.

"Inazijuaje?" Fundi akauliza.

"Ukinijibu hilo nitakupa shahada yangu uitundike ukutani kwenu. Mwanzoni mwa uzi kuna kipande kimejikunja vitanzi vitanzi. Wengi wanasema ndiyo alama yenyewe. Sasa shida ni kwamba ukiitia protini hii kwenye maji yasiyo na chumvi ya kutosha, inashika uzi wowote utakaoipa. Yenyewe ina chaji chanya, uzi una chaji hasi, basi vinanatana tu. Mpaka utie chumvi kiasi kile cha mwilini, ndipo kunatana kwa ovyo kunapungua, na unaona inachokitaka kwa kweli."

"Kumbe kazi yako yote iko mikononi mwangu."

"Usivimbe kichwa, laazizi. Chumvi tu."

Fundi aliishi na dada yake mkubwa, mshona nguo, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada hakuwa mwepesi wa kusifia watu, lakini Nyuzi alipokuja mara ya kwanza akaosha vyombo bila kuombwa, akavunja kikombe kimoja na kukiri papo hapo, dada alisema huyu ana malezi. Siku ya pili alimpima mabega na kiuno, akamshonea gauni la kijani la kola nyembamba, akakataa shukrani.

Mwezi wa nane wa mapenzi yao, dada akaugua tumbo ghafla, akapasuliwa. Wiki ile Fundi alikuwa hospitali asubuhi, kazini mchana, hospitali jioni. Siku moja, kati ya safari hizo, alitengeneza aina mbili za maji ya chumvi kwa mkupuo. Moja ilikuwa kali, ya kuzimuliwa kwa maji mara kumi kabla ya kutumiwa, na chupa zake huwekwa lebo ya buluu. Nyingine ilikuwa imeshazimuliwa, tayari kwa kazi, nayo lebo yake ni nyeupe. Mikono ilikuwa maabara, akili iko wodini. Chupa sita za maji yaliyokwisha kuzimuliwa akazibandika lebo ya buluu, akazipeleka ghorofa ya tatu.

Nyuzi akazipokea, akafanya kama lebo ilivyosema, akazimua mara kumi tena.

Wiki mbili baadaye alishuka ngazi mbio, koti la maabara likipepea nyuma. Alikuwa amekata vitanzi vyote kwenye uzi wa kirusi, akaupa protini uzi huo uliokatwa, na protini ikaushika sawasawa na ule mzima. Maana yake alama haikuwa pale ambapo dunia nzima ilidhani ipo. Alirudia mara tatu, kwa maji ya chupa zilezile, na mara tatu jibu likawa moja. Profesa wake, mama wa makamo asiyepoteza maneno, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, alitazama picha za majaribio kwa muda mrefu, akasema, "Hili litatuletea ugomvi na watu wengi. Vizuri." Akaandikia mkutano mkubwa wa watafiti, Nyuzi akapewa nafasi ya kuzungumza mbele ya wote. Taasisi moja ya mji mwingine ikaanza kumuulizia.

Fundi alijua ukweli Jumanne moja ya kawaida. Kipimo cha chumvi kilikuwa kimetoka kutengenezwa, naye akataka kukijaribu. Ghorofa ya tatu walikuwa wamemrudishia chupa moja ya buluu ambayo haikufunguliwa. Alichovya kipimo. Namba iliyotokea ilikuwa sehemu ya kumi ya namba iliyotakiwa. Alikilaumu kipimo, akakiosha, akajaribu maji mengine ambayo kiasi chake alikijua, kikasema kweli. Akarudi kwenye chupa, kikasema vilevile. Ndipo akafungua daftari lake na kutazama tarehe. Ilikuwa siku ya pili baada ya dada kupasuliwa.

Alikaa juu ya stuli, chupa ile magotini. Halafu akampigia Nyuzi simu.

"Umenipigia wakati mzuri," Nyuzi akasema, sauti inacheka. "Nimetoka kuongea na baba. Unajua yule mzee hajawahi kunisifia tangu nizaliwe. Leo ameniambia amemweleza hata kinyozi wake. Kinyozi, Fundi. Ameniomba nimfundishe kutamka jina la protini."

"Umemfundisha?"

"Ameshindwa. Anaiita 'ile mashine ya mwanangu'. Haya, ulikuwa unataka nini, mpenzi?"

Fundi alifungua mdomo. Aliona kinyozi, aliona baba, aliona gauni la kijani.

"Nilitaka kusikia sauti yako," akasema.

Uongo wa kwanza ulikuwa mdogo hivyo. Wa pili haukuwa na maneno kabisa. Alitengeneza chupa sita sahihi, akazipima kila moja mara mbili, akazipeleka juu na kuondoa masazo ya zile za zamani. Alijiambia kazi yenyewe itasema. Nyuzi ataona, atarekebisha, na hapatakuwa na mtu wa kunyooshewa kidole. Kazi yake ndiyo iliyolisha nyumba ile, maana dada alikuwa bado hajaweza kukaa kwenye cherehani. Asingeweza kufukuzwa mwaka huu. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Kazi ikasema kweli. Jaribio lililofuata, uzi uliokatwa ukaponyoka na mzima ukabaki. Nyuzi akadhani amekosea kupima, akarudia. Akarudia tena. Siku ya tano alikuja kwenye ngazi bila kopo la chakula.

"Sielewi," akasema. "Protini ni ileile, uzi ni uleule, mikono ni hii hii. Jana nimekaa natazama vidole vyangu kama vya mtu mwingine."

Fundi alimshika mkono. Hapo, na hili ndilo lililomtesa baadaye kuliko yote, alitafuta neno la kumfariji, likamtoka asilolipima.

"Labda ni joto la chumba. Wiki hizi kile kiyoyozi kinasumbua."

Nyuzi alimtazama kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani. Siku nne nzima alipima joto la chumba kile, kila saa, pembe zote, akiandika.

Siku ya kumi na mbili, Profesa alifunga mlango na kumtaka alete picha zote za majaribio ya mwanzo, zile halisi, na siku zilizopigwa. Hakumtuhumu. Lakini mlango uliofungwa una masikio mengi kuliko ulio wazi, na kufikia Ijumaa neno lilikuwa limeshazunguka koridoni kwamba Nyuzi alipika matokeo. Mwenzake mmoja, ambaye kabla ya hapo alimwazima kila kitu, aliondoa vichupa vyake kwenye jokofu walilokuwa wakichangia. Aliondoa kimya kimya na kwa adabu, akaacha pengo kwenye rafu.

Nyuzi alikonda. Kilemba alikiacha nyumbani. Baba yake alipopiga simu hakupokea, kwa sababu mzee angeuliza habari za ile mashine. Na kila mchana Fundi alikaa kando yake, akimsihi ale, akimwita mpenzi, akilijua jibu alilokuwa akililia.

Siku ya ishirini na moja alimkuta ameshika karatasi.

"Nimeamua kuacha," Nyuzi akasema. Hakulia, alishamaliza. "Nimemwandikia Profesa. Mtu asiyeweza kuiamini mikono yake mwenyewe hafai kwenye kazi hii. Nisomee, uone kama kuna makosa ya lugha."

Fundi aliichukua barua, akaisoma mstari wa kwanza, herufi zikamchezea. Akaikunja.

"Usiipeleke leo," akasema. "Nipe saa moja."

Alishuka kwenye chumba chake, akachukua chupa ile aliyokuwa ameificha nyuma ya kabati, na daftari, na kipimo. Miguu yake ilitakiwa impeleke kwenye ngazi za nyuma. Ikampeleka kwa Profesa. Ilikuwa rahisi kumkabili mtu ambaye si mpenzi wake.

Profesa alisikiliza mpaka mwisho, akachovya kipimo mwenyewe, akasoma namba.

"Yeye anajua?"

"Bado."

"Ungeanzia kwake," Profesa akasema, akanyanyua simu na kumwita.

Nyuzi aliingia, akaona chupa mezani, akaona daftari lililofunguliwa. Profesa ndiye aliyeeleza, kwa sentensi nne. Kwa muda mfupi uso wa Nyuzi ulifunguka kabisa, kama wa mgonjwa aliyeambiwa hana ugonjwa. Mabega yakashuka, akatazama mikono yake pande zote mbili. Kisha akamgeukia Fundi.

"Ulijua lini?"

"Jumanne ile. Siku niliyokupigia ukaniambia habari za kinyozi."

Alihesabu, vidole vikigusana kimoja kimoja.

"Na lile la joto la chumba?"

Nyuzi hakusubiri jibu. Alimshukuru Profesa, akatoka.

Fundi alimkimbilia mpaka kwenye lango la magari. Akamwambia alichokuwa amejiambia mwenyewe, habari za dada, habari za kazi, hofu. Nyuzi alimsikiliza akiwa amesimama wima.

"Lebo nimekusamehe palepale ofisini," akasema. "Dada alikuwa kitandani, hata mimi ningebandika vibaya. Lakini ulinitazama, Fundi. Nililala na wazimu siku ishirini na moja, na wewe ulikuwa na dawa mfukoni, unanishika mkono. Hizo siku ndizo sijui niziweke wapi."

Fundi aliachishwa kazi kwa barua ya heshima. Akapata nafasi kwenye kituo cha kusafisha maji, kupima dawa inayotiwa kwenye matangi. Dada alipouliza kwa nini msichana yule haonekani tena, alimjibu kwa kifupi kwamba amepata wa hadhi yake, fundi wa nini kwake. Dada, ambaye sasa alikuwa amepona, alipiga cherehani kwa nguvu jioni nzima.

Nyuzi kwa upande wake alisimama mkutanoni na kuondoa tangazo lake kwa mdomo wake mwenyewe, akaeleza kosa lilivyokuwa bila kumtaja mtu. Akarudi, akafanya yote upya, safari hii akachanganya na nyuzi nyingine nyingi za seli, kama ilivyo mwilini. Katika chumvi sahihi protini iliuacha uzi uliokatwa na kuung'ang'ania mzima. Halikuwa jambo la kumweleza kinyozi; wengi walishalijua. Hata hivyo taasisi ile ya mji mwingine ilimwandikia tena. Ilimpa nafasi ndogo kuliko ya kwanza, akaikubali.

Miezi minne ikapita kabla simu ya Fundi kuita na jina lile kutokea. Ilikuwa Alhamisi, saa sita mchana, yuko juu ya tangi.

"Naondoka Jumamosi," Nyuzi akasema. "Miaka miwili. Una nusu saa?"

Walikutana kwenye mkahawa juu ya duka la viatu, meza ya dirishani. Nyuzi alivaa suruali nyeusi na blauzi nyeupe iliyofungwa mpaka shingoni, kama mtu aliyekuja kusailiwa au kusaili. Alikuwa amenenepa kidogo, na Fundi alifurahi, ingawa hakuona pa kulisema. Waliagiza chai, wakaulizana habari za baba na za dada, chai ikapoa.

"Sikuja kukusamehe," Nyuzi akasema hatimaye. "Nimekuja kuangalia kama hasira bado ipo, nisije nikaibeba mpaka huko."

"Ipo?"

"Ipo. Lakini kuna siku napitisha mpaka mchana bila kuikumbuka. Na kuna jambo jingine halijapungua, nalo linaniudhi zaidi." Alizungusha kijiko. "Nikikuuliza kitu leo, nitajuaje kwamba umenijibu?"

Fundi alitazama meza. Angeweza kuapa. Viapo ni rahisi.

"Ngoja nikuambie ambalo hukuniuliza," akasema. "Dada hajui kitu. Nilimwambia umenidharau, umepata mkubwa mwenzako. Amekuchukia miezi minne kwa ajili yangu, nami nimemwacha akuchukie."

Nyuzi aliweka kijiko mezani. Alipomtazama, macho yalikuwa makali, lakini hayakuwa ya kuaga.

"Mpigie."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Weka sauti ya nje."

Alipiga. Mlio wa cherehani ulisikika kabla ya sauti ya dada. Fundi alisema yote bila kupunguza: lebo, chupa, siku ishirini na moja, kiyoyozi, na uongo aliomwambia yeye. Kwenye meza ya pili mteja mmoja aliacha kutafuna. Katikati ya maneno cherehani likanyamaza.

"Miezi minne," dada akasema taratibu, "nimemsema mtoto wa watu kwa kila mteja aliyekaa kwenye kiti hiki."

"Najua, dada."

"Hujui. Yuko wapi?"

"Yuko hapa mbele yangu. Anakusikia."

Ukasikika mkasi ukiwekwa mezani.

"Wewe sina la kukuambia," dada akasema. "Mpe simu wifi yangu."

Jumamosi ilikuwa palepale, na miaka miwili ilikuwa palepale. Nyuzi aliitazama simu ile katikati ya vikombe, akapangusa viganja kwenye suruali, akaipokea kwa mikono miwili na kuzima sauti ya nje.

"Shikamoo, wifi," akasema, akageukia dirishani ili Fundi asimwone uso.